Kinachoangusha nyimbo za Kigoma ni makabidhiano, si mitambo

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa muziki wa mikoani ukifunguliwa, iwe redioni au katika kurasa za burudani, lawama huiangukia mitambo. Wimbo wa Kigoma ukipigwa baada ya wimbo wa Dar es Salaam husikika mdogo na wenye ukungu, basi husemwa kwamba huku hatuna vifaa. Sisi ni mafundi wa miksi tunaojitegemea hapa Kigoma Mjini. Hatujaajiriwa na studio yoyote. Tunapokea wimbo mmoja mmoja kutoka kwa waimbaji, maprodyuza na kwaya, za hapa mjini na za Kasulu, Kibondo na Uvinza. Tunaomba nafasi tulikatae dai hilo kwa hoja za kazi. Kompyuta yenye RAM ya GB 16, hedifoni nzuri za mgongo wazi (zisizofunga sikio kabisa) na plagini, yaani programu ndogo za kuchakata sauti, zinazokuja ndani ya programu ya kurekodia zinatosha kumiksi wimbo wa chaneli 60. Nyimbo zinaharibikia kwingine: zinavyorekodiwa, mafaili yanavyokabidhiwa, na kazi inavyopokelewa bila masharti.

Kwa msomaji asiye wa fani, miksi ndiyo kazi inayofuata baada ya kurekodi. Kila sauti iliyorekodiwa peke yake hupewa ukubwa wake, upande wake, umbali wake na nafasi yake kati ya nene na nyembamba, mpaka zote zisikike kama wimbo mmoja. Mastaringi huja baadaye na hushughulika na faili moja tu lililokwisha kumiksiwa. Wateja wengi huleta faili moja ambalo mwimbaji amezama ndani ya mdundo, wakaomba "mastaringi ya kumtoa". Mastaringi haimtoi. Ikipandisha sauti yake, inapandisha na kila kitu kinachokaa naye.

Tuanze na makabidhiano, maana hapo ndipo saa nyingi za fundi hupotea bure.

Fundi anahitaji kila chombo na kila sauti katika faili lake, aina ya WAV, biti 24, kwa kiwango kilekile kilichotumika kurekodi, kilohezi 44.1 au 48. Mafaili yote yaanzie sekunde sifuri ya wimbo, hata kama gitaa linaingia dakika ya tatu; ukimya wa mwanzo uachwe ulivyo. Faili likikatwa pale sauti inapoanzia, fundi hubaki kubahatisha mahali pake kwa sikio, na kosa la milisekunde 20 kwenye kiitikio chenye sauti nne linatosha kuzifanya herufi zote za "t" na "k" zigongane. Viwango viwili vikichanganywa mambo huwa mabaya zaidi. Wimbo wa dakika 4 uliorekodiwa kwa 48 ukifunguliwa kama 44.1 bila kubadilishwa, hurefuka hadi dakika 4 na sekunde 21, na sauti hushuka takribani robo tatu ya toni. Mwimbaji husikika mzito na mchovu, na mdundo uliotoka kwa prodyuza mwingine haukubaliani naye kabisa.

Kuna na suala la ukubwa, ambalo huku linagusa mfuko moja kwa moja. Faili la mono la biti 24 na kilohezi 48 hula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye mafaili 40 ya namna hiyo unafika GB 1.4. Mafaili hayohayo yakitolewa kama stereo yanakuwa GB 2.8 bila kuongeza chochote, kwa sababu kulia na kushoto ni sauti ileile. Sauti ya mwimbaji mmoja, kiki (ngoma kubwa ya mguu), snea, besi na gitaa lililorekodiwa kwa waya mmoja vyote vitolewe mono. Kinanda chenye upana wake, riveba (mwangwi wa chumba) na maiki mbili za kwaya ndivyo vibaki stereo. Bando likiwa dogo, geuza WAV kuwa FLAC: ukubwa hupungua hadi karibu nusu na sauti haipotezi kitu. MP3 hupoteza, na kilichopotea hakirudi ukiigeuza tena kuwa WAV. Tunapokea WAV nyingi za namna hii. Ukiziangalia kwenye kipimo cha masafa unaona zimekatika ghafla kwenye kilohezi 16.

Anayetuma kwa WhatsApp afunge kila kitu katika zipu moja na kutuma kama dokumenti. Kikomo ni GB 2 kwa faili. Google Drive hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo na ni salama zaidi kwa mtandao unaokatika. Wengine hututumia fleshi kwa basi, na hakuna ubaya, ila ijulikane kwamba fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ifomatiwe exFAT. Na isichomekwe kwenye kompyuta ya stesheneri kabla ya kutufikia, maana huko ndiko hudakwa virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato tupu.

Vijana wengi hapa hutengenezea midundo kwenye FL Studio. Mradi mpya wa programu hiyo kwa kawaida hufunguka ukiwa na limita, plagini ya kuzuia sauti isipite kikomo, tayari kwenye chaneli kuu. Kabla ya kutoa mafaili, zima kila kilichopo kwenye chaneli kuu, kisha chagua kutoa kila chaneli ya mikisa kivyake. Zima pia kipengele kinachopandisha kila faili hadi kileleni, kwa sababu kikiwaka, kayamba na ngoma kuu hutoka na ukubwa mmoja, na uwiano wote aliousikia prodyuza hupotea. Riveba na dilei (sauti inayojirudia) ziondolewe. Isipokuwa pale athari yenyewe ni sehemu ya utunzi, mathalani dilei inayorudia neno la mwisho la kiitikio. Hapo tuma mafaili mawili, kavu na lenye athari. Fanya hivyohivyo kwa sauti iliyonyooshwa kwa programu ya tyuni, ya kurekebisha noti: tuma iliyonyooshwa na ya asili. Ikinyooshwa kupita kiasi hakuna plagini ya kuirudisha.

Majina ya mafaili yaeleweke. "Audio 14" haimwambii fundi kitu. "Kiitikio sauti ya pili kushoto" inamwambia kila kitu. Weka ndani ya folda hiyohiyo MP3 ya miksi ya haraka ya prodyuza hata kama haijakaa sawa, kwa sababu inaonyesha mwenye wimbo anataka kwenda wapi. Andika kasi kwa mapigo ya dakika, ufunguo wa wimbo, na maneno yote. Wimbo ukiwa wa Kiha na fundi hajui Kiha, maneno yaliyoandikwa ndiyo kinga yake asije akakata silabi akidhani ni pumzi.

Sasa kurekodi kwenyewe. Kilele cha sauti kikae kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu, ambacho mwisho wake ni sifuri. Kwa biti 24 hakuna faida yoyote ya kusukuma hadi taa nyekundu. Nafasi ya chini ni kubwa mno kiasi kwamba mngurumo wa mashine hausikiki. Sauti iliyopasuka ndani ya maiki haitengenezeki. Zipo plagini za kulainisha mpasuko, nazo husaidia neno moja au mawili, si vesi nzima.

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Waya wa ardhi ukikosekana ukutani, au chaja ya laptopu ikiwa mbovu, mvumo wa hezi 50 pamoja na vizidishe vyake vya 100, 150 na 200 huingia kwenye gitaa na maiki. Fundi akiukata kwa ekolaiza, plagini ya kupandisha na kushusha masafa, anakata na mwili wa besi na wa sauti ya kiume. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, usikilize kama mvumo umetoweka. Ukitoweka, tatizo ni chaja au waya wa ardhi, na fundi umeme ataliondoa kwa gharama ndogo kuliko miksi moja. Acha pia sekunde 5 za ukimya kabla ya mwimbaji kuanza. Sampuli hiyo ya ukimya ndiyo programu ya kusafisha sauti huitumia kutambua mvumo.

Kwaya ndizo wateja wetu wakubwa, na ndizo zenye tatizo gumu kuliko yote. Kwaya ya watu 30 hurekodiwa kanisani chini ya mabati kwa maiki mbili zilizowekwa popote palipokuwa na nafasi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Maiki moja ikiwa mbali kwa mita 1 zaidi ya nyingine, sauti ileile huifikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 3. Zikichanganywa kwa ukubwa sawa, zinafutana kwenye hezi 170 hivi, tena kwenye 515, tena kwenye 860, na kuendelea juu. Sauti ya tatu na ya nne zinakaa hapohapo, ndiyo maana wanaume wa kwaya nyingi husikika kana kwamba wameimbia ndani ya bomba. Kanuni inayosaidia ni ya moja kwa tatu: maiki ikiwa mita 1 kutoka kwa waimbaji wake, ya pili isimame angalau mita 3 kutoka ya kwanza. Maiki zikiwa tayari zimewekwa vibaya, fundi anaweza kusogeza faili moja kwa milisekunde chache mbele hadi mawimbi yakutane, lakini akilinganisha kwa mwimbaji wa katikati anawaharibu wa pembeni. Mara nyingi ni bora kuchagua maiki moja iliyo nzuri na kuitupa ya pili.

Tunawashauri walimu wa kwaya warekodi kila sauti peke yake, waimbaji wanne hadi sita kuzunguka maiki moja, mara mbili kwa kila sauti, wakisikiliza kinanda kwa hedifoni. Spika isitumike, la sivyo kinanda huingia katika kila faili. Hiyo ni kama siku moja ya kazi kwa nyimbo mbili. Kisha kwaya nzima iimbe mara moja kwa pamoja kwa ajili ya upana. Kurekodi kupangwe nje ya msimu wa mvua, au asubuhi mapema, kwa sababu mvua juu ya mabati hufunika masafa yote na hakuna ekolaiza inayoitenga.

Tukumbushane jambo. Bendi za magharibi mwa nchi, Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata ikiwemo, zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Fundi mitambo alipata uwiano kwa kumsogeza mpiga saksafoni nyuma na mwimbaji mbele, kabla ya mkanda kuanza kuzunguka. Hapakuwa na nafasi ya kurekebisha kesho. Rekodi hizo bado zinaeleweka neno kwa neno. Uangalifu ule wa mwanzo ndio tunaouomba kwa wanaorekodi leo, wakiwa na vifaa vinavyoruhusu mengi zaidi.

Mwimbaji akileta mdundo wa faili moja ulionunuliwa au kupakuliwa mtandaoni, kazi inabadilika. Fundi hawezi kushusha kiki bila kushusha besi. Anachoweza ni kuchimba nafasi ndogo kati ya hezi 2,000 na 4,000 kwa ekolaiza inayoitikia sauti ya mwimbaji, desibeli 2 au 3, ili mdundo ujipishe anapoimba na kurudi anaponyamaza. Matokeo yana kikomo, na mteja aambiwe kabla hajalipa. Asome pia masharti ya mdundo wenyewe, maana leseni nyingi za bei ndogo huweka ukomo wa matumizi ya kibiashara, na wengine hugundua hayo wimbo ukiwa umeshasambazwa.

Ndani ya miksi, ugomvi wa kwanza kwa muziki wa huku uko chini. Ngoma za asili, kiki ya kompyuta na besi ya 808 (besi nzito ya mashine ya midundo) zote hutaka hezi 50 hadi 120. Zikiachwa pamoja, kipimo kinajaa na msikilizaji hasikii hata moja. Amua mwenyeji ni nani. Mathalani 808 ichukue 45 hadi 65, kiki ipewe 80 hadi 100, ngoma ya asili ikatwe chini ya 70 na ipandishwe kidogo mahali fimbo inapogonga ngozi, kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kisha kumbuka kwamba wengi watausikiliza wimbo kwa spika ya simu, ambayo chini ya hezi 300 haitoi kitu cha maana. Besi ya hezi 50 isiyo na vizidishe haipo kabisa kwa msikilizaji huyo. Plagini ya kuchachusha sauti huizalishia 100, 150, 200 na kuendelea, na sikio hujaza lenyewe kilichokosekana. Usiongeze besi kwa sababu huisikii kwenye simu. Ukipiga wimbo huo kwenye sabufa ya baa utatetemesha milango.

Kigoma inatazamana na Kongo, na gitaa za huku zimelelewa hivyo: solo, mi-solo (gitaa la kati ya solo na ridhimu), ridhimu na besi, zikisukana. Fundi aliyezoea mdundo wa kompyuta huzirundika katikati zikawa tope. Solo ipelekwe kulia kwa asilimia 40 hivi, mi-solo kushoto kwa kiasi hicho, ridhimu kushoto zaidi kidogo, na zote zikatwe chini ya hezi 150 ili besi ipumue. Vesi ikiimbwa, zishushwe desibeli 2 kuzunguka hezi 2,500. Sebene ikianza, zirudishwe. Kompresa, plagini ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, iwe nyepesi, kwa sababu mpigaji mzuri wa solo tayari anajipima mwenyewe kwa vidole. Halafu sikiliza kwa mono. Gitaa lililopanuliwa kwa ujanja wa plagini hupotea kabisa likipigwa kwenye redio ya spika moja, na redio za namna hiyo ni nyingi vijijini.

Sauti ya mwimbaji wa Kiswahili ina mahitaji yake, na mafunzo mengi ya mtandaoni hayayajui. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho hudondoka na mdundo huimeza. Kompresa peke yake haitoshi. Pandisha miisho hiyo kwa mkono, desibeli 2 hadi 4, neno kwa neno. Mwanzo wa neno nao ulindwe. "Sitakuacha" na "nitakuacha" vinatofautiana kwa konsonanti moja tu, na geti (plagini ya kunyamazisha sauti ndogo) iliyofungwa kwa pupa au kiki iliyoangukia hapohapo hugeuza ahadi ya mapenzi kuwa kinyume chake. Kata chini ya hezi 80 kwa mwanamume na 100 kwa mwanamke, punguza ukungu wa 250 hadi 400 kwa desibeli 2 au 3, kompresa ya uwiano wa 3 kwa 1 ikipunguza desibeli 4 hadi 6, muda wa kushika milisekunde 10 hadi 20. Herufi za "s" na "z" zichunge kati ya hezi 5,000 na 8,000. "Sh" na "ch" huanzia chini zaidi, karibu 3,000. Kidhibiti cha "s" kisipunguze zaidi ya desibeli 6, la sivyo "safari" inakuwa "thafari".

Chumba hudanganya kuliko spika. Chumba cha mita 3 kwa 3 hukusanya nguvu kwenye hezi 57 kutoka pande zote mbili. Ukikaa karibu na ukuta besi inazidi, ukikaa katikati inatoweka. Kaa kwenye asilimia 38 hivi ya urefu kutoka ukuta wa mbele, spika na kichwa vikiunda pembetatu ya pande sawa. Trei za mayai ukutani hazisaidii. Hugusa masafa ya juu kidogo tu na kuiacha besi ikizunguka, na zinashika moto haraka. Magodoro membamba ni vivyo hivyo. Kinachofanya kazi ni unene: fremu za mbao zenye kina cha sentimita 15, zikajazwa pamba, sufi au blanketi nzito zilizokunjwa, zikafunikwa kanga na kusimamishwa kwenye pembe nne, zikiacha nafasi ndogo nyuma. Anayeshindwa hayo amiksi kwa hedifoni na athibitishe kwa spika mbili tofauti. Sauti ya kufanyia kazi isizidi desibeli 80. Kwenye 85 masikio yanahesabiwa saa 8 tu kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu.

Umeme tutausema kwa kifupi. Mkoa uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya Taifa kufika, na kukatika bado kupo. Betri ya volti 12, Ah 100, ya maji au jeli, itumiwe nusu tu ili idumu. Hiyo ni kama Wh 600, yaani wati 600 kwa saa moja. Laptopu, kadi ya sauti na spika mbili ndogo zikila wati 120, kupitia inveta unapata karibu saa 4. Radi zikianza, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa intaneti.

Ukubwa wa mwisho wa wimbo huzua ubishi usioisha. Spotify na YouTube hurekebisha kuelekea LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa wimbo kama sikio linavyousikia), Apple Music kuelekea -16. Wimbo uliobanwa hadi -8 utashushwa desibeli 6 hadi 8 na kubaki umebanwa vilevile, kiki yake imekufa. Lakini baa, daladala na madijei hawarekebishi chochote, kwa hiyo kuupeleka kwa -14 kamili ni kumnyima mwimbaji haki mbele ya wenzake. Tunaona -10 hivi, kilele halisi kisizidi desibeli -1, ni mahali pa haki kwa pande zote. Redio nazo zina mitambo yao ya kubana kabla ya kurusha, na wimbo uliokwisha kupondwa ukipondwa mara ya pili hutoka na mikwaruzo. Tunawaomba watangazaji wa mkoa wapokee WAV, au MP3 ya kilobiti 320, kwa barua pepe, wasichukue wimbo uliozunguka vikundi vya WhatsApp.

Limebaki la makubaliano. Wimbo wenye mafaili 40 yaliyopangwa vizuri huchukua saa 1 ya maandalizi na saa 5 au 6 za miksi, kisha mapumziko ya usiku mmoja ili masikio yarudi, kisha saa 1 ya marekebisho. Mafaili yakija ovyo, maandalizi peke yake hufika saa 4. Fundi anayejitegemea apange bei kwa hesabu. Tuseme kodi ya chumba, umeme, bando, akiba ya vifaa na chakula cha nyumbani vinafika shilingi 900,000 kwa mwezi, naye anaweza kumaliza nyimbo 12 kwa ubora. Basi shilingi 75,000 ni sakafu yake, chini ya hapo anajilipia mwenyewe kufanya kazi. Kuna vijana wanaopokea 15,000 ili wapate jina. Jina hilo haliwapatii bei nyingine, kwa sababu mteja anayefuata huanza mazungumzo kwa 15,000.

Malipo ya "wimbo ukishika" yakataliwe kwa heshima. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki kwa kawaida ni za mtunzi, mwimbaji na aliyegharimia rekodi. Fundi wa miksi hana mgawo unaomfuata wenyewe bila makubaliano. Anayekubali asilimia aiandike, isainiwe, na mwenye wimbo awe amesajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Bila hayo asilimia ni maneno.

Kwa kazi nyingi ujumbe mmoja wa simu unatosha, mradi uwe kamili na ujibiwe "nakubali". Kwa mfano: "Kazi ni kumiksi wimbo mmoja, mafaili 38, bila mastaringi. Bei ni hii. Nusu leo, nusu kabla ya WAV. Sampuli ya kusikiliza ni MP3 yenye alama ya sauti kila sekunde 30. Marekebisho ni awamu mbili. Ya tatu inalipiwa. Kubadilisha vesi baada ya miksi kuanza ni kazi mpya. Siku saba tangu mafaili yote yafike." Kwa kwaya tunaongeza sharti moja: kamati ichague mtu mmoja wa kuleta maoni. Wanakamati kumi wakituma ujumbe wa sauti kila mmoja kwa wakati wake, wa kwanza anataka kinanda kipande, wa saba anataka kishuke, na awamu mbili huwa ishirini. Maoni yataje dakika na sekunde: "1:42 gitaa lipungue, 2:10 neno 'neema' halisikiki." Maoni ya "ongeza ladha" hayana pa kushikia.

Malipo yakikamilika, fundi akabidhi WAV ya wimbo kamili, MP3 ya kilobiti 320, toleo lisilo na sauti yoyote ya mwimbaji, na toleo lenye mdundo na sauti za kiitikio pekee kwa ajili ya jukwaani. Kuyatoa hayo manne siku ileile ni dakika 20. Kuyatafuta baada ya mwaka, plagini zikiwa zimebadilika na kompyuta imefomatiwa, mara nyingi haiwezekani. Mradi wenyewe fundi akae nao miezi sita, kisha amjulishe mwenye wimbo kabla ya kufuta. Mwenye wimbo naye aweke nakala mbili kwenye diski mbili, zisikae katika nyumba moja.

Mafundi wa miksi wanaojitegemea,
Mwanga, Kigoma